Pikapu Iliyoacha Kusalimia

Mimi nimezaliwa Pangani, na Pangani tunasalimiana, tena vizuri tu. Lakini salamu yetu ina mwisho. Hujambo, sijambo, watoto je, alhamdulillahi, kila mtu ashike njia yake. Nilipoolewa na Muha nikahamia Kasulu, ndipo nikajua kwamba salamu inaweza kumchosha mtu kuliko kutwanga mpunga. Huku utaulizwa ulivyoamka, walivyoamka wa nyumbani kwako, mbuzi, mihogo, mvua kama imefika shambani, na yule jirani mgonjwa anaendeleaje. Ukimaliza kujibu, unaanza wewe kuuliza hayo hayo. Na ole wako umpite mtu njiani kimya. Utasemwa mpaka uchoke.

Mume wangu ndiye bingwa wao. Tuna duka la nafaka hapa mjini, mimi nakaa dukani, yeye anafuata maharage na mahindi vijijini kwa pikapu. Nikipanda naye kwenda Heru Juu, hapo tu, asubuhi nzima inaliwa njiani. Atasimama kwa bibi mwenye mzigo wa kuni. Atasimama kwa mzee anayechunga. Siku moja alisimama kwa bodaboda ambaye naye alikuwa amesimama kujisaidia, wakaongea, jamani, kama watu walioonana sebuleni! Namwambia, "Baba, wateja wananingoja." Ananijibu, "Watakungoja. Na wewe msalimie mwenzako, si una mdomo?"

Mdomo ninao, wala sijawahi kuukana.

Kisha sukari ikamla mguu. Ilianza na kidonda cha kidole ambacho yeye alikiita mkwaruzo, na mwisho wa mkwaruzo huo ukawa mguu wa kushoto kukatwa chini ya goti. Alhamdulillahi alibaki hai. Lakini mtu aliyekuwa akisalimia wilaya nzima akawa anakaa kitini anatazama ukuta. Alipewa mguu wa bandia, akajifunza kuutembelea mpaka msikitini. Pikapu yetu ya zamani ilikuwa ya gia za mkono, na klachi inataka mguu wa kushoto wenye akili zake. Siku aliyojaribu kuiendesha aliingia nayo kwenye ukuta wa choo chetu wenyewe. Akashuka, akaingia ndani, akajifunika shuka gubigubi.

Tukaiuza, tukanunua pikapu ya otomatiki. Gari lisilo na klachi, mguu wa kulia peke yake unatosha. Mjini walitucheka, wanasema hilo ni gari la akina mama, tena halifai kwa milima. Wacha waseme. Siku ya kwanza alikwenda nayo Heru Juu akarudi jua linazama, shati limelowa jasho, anacheka peke yake, ananihadithia nani kaota meno na nani kaoza mwana. Nilikwenda jikoni nikalia. Kisha nikarudi nikamgombeza kwa kuchelewa.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu, mpaka alipokwenda Kigoma kufuata mawese. Mawese alikuja nayo, lakini na pikapu nayo ilikuja na mambo yake. Alipoingia uani ilinguruma, kuku wakatawanyika. Akaniambia, macho yanang'aa, kwamba kuna kijana huko ana kompyuta, anaichomeka kwenye gari, anaipanga injini upya, nguvu zinaongezeka. Ndivyo yanavyofanyiwa magari ya mashindano.

"Mashindano na nani?" nikamuuliza. "Si unabeba maharage wewe?"

Akacheka tu. Na kweli, siku za mwanzo ile pikapu ilipanda milima na magunia yake kama haina kitu. Tuliyapita magari mengine kilimani, yeye anapiga honi, nami nikapunga mkono, nisije nikasema uongo. Nikajua ni upuuzi wa kiume, utapita.

Haukupita. Baada ya muda giaboksi ikaanza kugonga. Ukiondoka, ikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, inapiga teke hasa, shingo inarudi nyuma. Ukisimama, inaruka mbele kidogo kabla ya kutulia. Kwa dereva wa safari ndefu labda angevumilia. Kwa mume wangu, anayesimama kila kichaka, kila salamu ikawa na mateke mawili, la kufika na la kuondoka, na kila teke linamgongesha kile kipande cha mguu kwenye mguu wa bandia. Jioni nilikuwa namkanda kwa maji ya vuguvugu.

Halafu ikatokea ya Makere. Kuna bibi mmoja pale, kibanda chake kipo karibu na barabara, na kila mume wangu akipita lazima waongee, bibi kashika mlango wa gari kwa mkono wake. Siku hiyo wamemaliza salamu, mume wangu kagusa mafuta, gari likaruka. Bibi akaanguka mtaroni na kapu lake la mihogo. Hakuumia, namshukuru Mungu, alinyanyuka anacheka na kupukuta kanga. Lakini mume wangu alifika nyumbani, chai niliyomwekea hakuigusa.

Tangu siku hiyo akaacha kusimama. Akapandisha kioo, akawa anapita. Nami sikuwa nalijua hilo mpaka mteja mmoja aliponijia dukani, mkulima wa huko huko Makere, kavua kofia yake kabisa. "Mama," akaniuliza, "mzee tumemkosea nini? Siku hizi anatupita kama hatuoni." Mwingine akasema kwa sauti, ili nisikie, kwamba watu wakipata magari ya nguvu wanapata na maringo. Iliniuma! Mimi niliyekuwa nikilalamikia salamu zake kila siku, nikajikuta namtetea kwa ukali, mpaka mtu wa watu akaondoka bila kununua chochote.

Tukawaita mafundi wa hapa. Wote neno lao moja: "Mama, oto si gari la kwetu. Tunaitoa hiyo giaboksi, tunaweka ya mkono, kesi imekwisha." Ndivyo wanavyofanya, na hawana ubaya, magari mengi hapa yamefanyiwa hivyo. Mmoja alikuwa nayo tayari, ya mkono, imelala sakafuni kwake inavuja oili. Mume wangu akaitazama ile giaboksi, akautazama mguu wake. Akanikabidhi ufunguo.

"Waambie waifunge hiyo ya mkono. Tutatafuta dereva."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa dukani na wewe."

Hata! Nilipandwa na hasira ambayo sijui ilikuwa ya nani. Ya kijana wa Kigoma na kompyuta yake, ya sukari, ya huyu mwanaume anayenikabidhi ufunguo kama anakabidhi maiti. Namjua. Akikaa dukani mwezi mmoja atarudi kwenye kile kiti cha kutazama ukuta, na safari hii hatatoka. Nikawaambia mafundi wangoje.

Mama mmoja anayenunua unga kwangu ndiye aliyenitajia fundi wa Kibondo, mtu ambaye wazazi wake walitoka Burundi, yeye sasa ni raia, na kazi yake ni magari ya otomatiki ya wale wanaohudumia kambi za wakimbizi. Mume wangu akakataa kwenda. Nikamwambia, "Utanipeleka, au nitaendesha mwenyewe, na leseni sina, na breki siijui ni ipi." Akanipeleka.

Ile safari ya kwenda sitaisahau. Kioo juu, macho mbele, hasimami. Niliwaona watu kando ya barabara wakiinua mikono, kisha wanaishusha. Makere yule bibi alikuwa nje anaanika mihogo. Akanyanyua uso, nasi tukapita.

Kibondo fundi alitupokea kwa salamu kwanza, Kirundi chake na Kiha cha mume wangu vinaelewana, mimi nikakaa juu ya tairi nikangoja. Kisha akachomeka kifaa chake, akachomoa kijiti cha oili ya giaboksi, akainusa, akaninusisha na mimi. Ilinuka kuungua.

"Mzee wangu," akasema, "injini hii nani kaichezea?"

Nikangoja uongo. Mume wangu akatazama chini, kisha akasema yote, mbele ya mtu ambaye hata saa moja hajamaliza naye. Kwamba kule wanakopakia mizigo madereva wenzake walikuwa wanamwita mguu mmoja. Kwamba kila gari lilipompita kilimani, wanamwambia, shuka basi uisukume kwa ule wa mti. "Nilitaka waone mgongo wangu," akasema. "Siku moja tu."

Miaka yote hiyo nalala naye kitanda kimoja, na sikuwahi kuyasikia hayo. Moyo uliniuma, nikatamani niwajue hao wenzake kwa sura, mmoja mmoja.

Fundi hakumcheka wala hakumhubiria. Alieleza tu kwamba injini imeongezewa nguvu na giaboksi haikuambiwa, kwa hiyo inang'ang'ania kwa nguvu ili isiteleze, ndiyo hayo mateke. Atairudisha injini kama ilivyozaliwa, atabadilisha oili, na atafuta kila kitu ambacho giaboksi imekizoea. "Baada ya hapo itajifunza upya mguu wa dereva. Uondoke polepole, ipande gia zake bila papara, usimame kabisa, uondoke tena. Hivyo hivyo, mara nyingi. Asiiendeshe mtu mwingine."

"Ikikataa?" nikauliza.

"Ikikataa, basi sahani za ndani ya giaboksi zimeungua. Vipuri vyake huku sina, mama. Sitakudanganya."

Alipomaliza kazi tukaanza kurudi. Mume wangu akafuata maagizo. Anaondoka, anasimama kwenye nyasi tupu, anaondoka. Teke. Anasimama kwenye daraja. Teke. Tulikuwa kama watu waliorogwa, gari linasimama porini hakuna hata mbuzi. Uso wake ukaanza kufunga. "Imekufa hii," akasema.

Mbele tukamwona mtu anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi, akainua mkono. Mume wangu akageuza macho.

"Simama," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Si tumeambiwa tusimame? Bora tusimame kwa mtu kuliko kwa nyasi."

Akasimama mbali, kwa woga, akamngoja mtu afike mwenyewe. Akashusha kioo. Mihogo, mvua, watoto. Tukaondoka. Ikagonga, lakini teke lilikuwa dogo, au labda mimi nililitaka liwe dogo. Basi nikawa mpelelezi. Namtafutia watu. "Yule pale chini ya mwembe!"

"Simjui yule."

"Basi mjue!"

Tulisalimia watu ambao mpaka leo hawajui kwa nini walisalimiwa. Mmoja aliniuliza mimi kwa heshima kama kuna msiba. Salamu kwa salamu, teke likawa mguso, mguso mara upo, mara haupo.

Makere bibi alikuwa bado na mihogo yake. Mume wangu alitaka kupita, nilimwona. Kisha akakanyaga breki. Bibi akaja moja kwa moja, akashika mlango palepale anaposhikaga siku zote.

"Bibi, kaa mbali kidogo, gari hili..."

"Niende wapi? Hebu niambie umeamkaje."

Wakaanza. Nyumbani, duka, mimi nikaulizwa, nikajibu kwa Kiha changu cha kuchekesha. Maharage, mvua. Halafu bibi akauliza, kwa sauti ile ile ya kuulizia mbuzi, "Na mguu nao umeamkaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Watu wote hutazama pembeni. Mume wangu akacheka, kicheko chake cha zamani. "Huu mmoja umeamka, bibi. Ule mwingine ndio bado haujarudi."

Bibi akacheka mpaka akajifuta macho, lakini mkono hakuutoa. Mume wangu naye hakuondoka. Mguu ukawa juu ya breki, nauona ulivyokaza. Bibi akampiga kofi dogo begani. "Nenda basi, na mimi nina kazi zangu."

Akaachia breki. Pikapu ikaondoka taratibu, bibi akatembea nayo hatua kadhaa mpaka mkono ulipoachia mlango wenyewe. Gia ya pili iliingia lini, mimi sijui. Nilisikia tu mlio wa injini umeshuka.

Mbele kulikuwa na mwanamke na mzigo wa kuni kichwani. Dukani walikuwa wananingoja tangu asubuhi, na mawazo hayo hayakunijia kabisa.

"Baba, yule," nikasema, "hatujamsalimia." Lakini yeye alikuwa ameshaanza kupunguza mwendo.