Awinja na Upole wa Baba Yake

Jumamosi mchana, nyuma ya mkahawa mmoja wa Lurambi, watu watano hukaa kuzunguka meza wakicheza poka. Wanne ni wanaume. Wa tano ni Awinja, fundi cherehani wa makamo, na mara nyingi yeye ndiye anayewala wenzake.

Mara ya kwanza walimkaribisha kwa sababu kiti kimoja kilikuwa wazi. Kila mchezaji hupewa karata mbili anazozificha, nyingine zinawekwa wazi katikati, na raundi kwa raundi mtu anaweka dau au anatupa karata zake. Mwenye karata mbovu anaweza kushinda akiwatisha wenzake. Kwa hiyo Awinja haangalii sana karata. Anaangalia watu.

Ochieng, mwenye duka la vyuma, akiwa hana kitu mkononi hukaa wima, hutoa macho, na kuvisukuma vifuniko vya soda wanavyohesabia dau mpaka vinaanguka sakafuni. Were, karani wa kaunti, ni kinyume chake. Akipata karata kali huhema kama mtu aliyefiwa, akaweka dau dogo na kusema kwa sauti ya chini, "Basi, wacha nijaribu tu." Awinja akisikia sauti hiyo hutupa karata zake, hata ziwe nzuri namna gani.

"Mama, wewe ni mchawi," Were alimwambia siku moja. "Umejuaje nimeshika wafalme?"

"Umekuwa mpole."

Wenzake wakacheka. Awinja hakucheka.

Alizaliwa nje kidogo ya Malava, bomani kwa baba yake, Mzee Mukabana, mkata miwa aliyependa pombe. Majirani walimwogopa mzee huyo akirudi jioni akipiga kelele barabarani, akitukana mvua na wenye matrekta. Awinja na mdogo wake Phoebe hawakuziogopa kelele. Siku ya kelele baba yao alikula obusuma, ugali wa kwao, akalala. Siku mbaya ni ile aliyoingia kimya, akaegemeza panga ukutani taratibu, akamsalimu mama yao vizuri na kuuliza watoto wameshindaje. Hapo Awinja, hata kabla hajaanza shule, alimshika Phoebe mkono wakatokea mlango wa jikoni mpaka ndani ya miwa. Mama yao hakukimbia. Usiku mmoja alivunjwa taya, na tangu hapo alitafunia upande mmoja mpaka alipokufa.

Baada ya kifo cha mama, mzee aliokoka. Aliacha pombe, akawa mtu wa kufungua kanisa na kupanga viti. Phoebe, aliyeolewa karibu na nyumbani, alimsamehe mapema. Awinja alituma sukari na mablanketi, lakini yeye mwenyewe hakwenda.

Mwaka jana mzee akaugua ini. Phoebe akapiga simu.

"Dada, baba anakuita. Anataka kuongea na wewe kabla hajaenda."

"Mwambie namsalimia."

"Kuja umwambie mwenyewe."

Akaenda. Alimkuta mzee amelazwa sebuleni, amebaki mifupa, macho ya manjano. Phoebe alikuwa ameweka kiti karibu na mto. Awinja alikivuta mpaka mlangoni ndipo akaketi.

Mzee akasema polepole, "Karibu, mwanangu. Umeshindaje? Watoto hawajambo?"

Miguu ya Awinja ilisimama kabla yeye mwenyewe hajaamua kusimama. Akaitazama mikono ya mzee: imetulia juu ya blanketi. Akayatazama macho: hayapepesi. Kila dalili aliyoijua ilimwambia jambo moja: kimbia.

"Nilikukosea," mzee akaendelea kwa sauti ileile. "Nilimkosea na mama yenu. Nimemwomba Mungu, na wewe pia nakuomba. Nisamehe."

Kama mzee angelia, au hata angemfokea, huenda Awinja angemwamini. Lakini alikuwa mpole.

"Sema kitu, dada," Phoebe akanong'ona.

"Nimesikia," Awinja akasema, akatoka nje. Alipitia nyuma ya jiko, akashika njia ya barabarani bila kurudi ndani kuaga.

Mzee alifariki wiki hiyohiyo. Siku ya mazishi mchungaji alimsifu, watu wakalia, naye Awinja akakaa nyuma pamoja na wanawake wa jikoni. Watu walipomaliza kula, Phoebe alimfuata, macho mekundu.

"Hakuwa anakudanganya. Nimemuuguza huyu mtu, nimeishi karibu naye miaka yote hii. Ulishindwa kumpa neno moja?"

"Nilimwona vile alivyokuwa. Nyinyi wote mlisahau ile sauti."

"Sauti gani? Alikuwa mgonjwa, Awinja. Pumzi ilikuwa imekwisha. Ulitaka apige kelele na nini?"

Hilo Awinja hakuwa amelifikiria. Alikuwa amepima mikono, macho na maneno, lakini hakukumbuka kwamba mtu anayekata roho huongea chini kwa kukosa nguvu tu. Huenda mzee alitubu kwa kweli. Huenda hakutubu. Aliyekuwa na jibu walikuwa wamemfunika udongo asubuhi ile.

Hakumkubalia Phoebe. Alimwuliza tu, "Na mama, baba alimwomba msamaha lini?"

Phoebe aliokota sahani zilizobaki kwenye nyasi, akaingia nazo jikoni, na mpaka leo hajampigia dada yake simu. Mzee walimzika ubavuni mwa mama yao, jinsi ilivyo desturi, makaburi mawili yanakaribiana kiasi kwamba mtu hawezi kupita katikati.