Herufi ya Tatu ya Balafu

Wiki iliyopita nilipita pale wanapooshea pikipiki karibu na standi, nikamwona kijana akifuta tanki kwa kitambaa cha bluu kilichochakaa. Alipokikunjua akikamue, nikaona herufi nyeupe: BALAFU. Mimi si mtu wa kuanzisha maongezi na nisiowajua, lakini siku hiyo miguu ilikataa kuondoka.

Kama ulikulia Maisaka miaka yetu, hiyo timu unaijua. Kama hukuwepo, nisikilize.

Ilianzia dukani. Mwenye duka wa mtaani kwetu ndiye peke yake aliyekuwa na friza upande ule, na mkewe alitengeneza barafu za ukwaju na za ubuyu kwenye vifuko vya nailoni. Vijana wakitoka mazoezini walikaa barazani pake, wamejaa vumbi, wakinyonya barafu na kubishana. Mwishowe akawanunulia mpira, akaiandikisha timu ligi ya wilaya kwa jina la Barafu. Kipa alikuwa fundi ujenzi, na siku za mechi alifika na saruji kwenye nywele. Kocha alikuwa mwalimu wangu wa darasa la tatu.

Msimu karibu wote walicheza na jezi za kuazima. Ilipobaki mechi ya mwisho, mwenye duka akaleta fulana kumi na tano za bluu, na kazi ya kuweka namba na jina mgongoni akapewa bibi yangu, aliyeshona kwa cherehani ya miguu mbele ya nyumba. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani nahisi njaa, maana siku zote ilichanganyika na ya makande yaliyochemka uani. Bibi aliweza kumpima mtu kwa macho tu, lakini kusoma hakujua. Akaniita nimwandikie jina la timu kwa herufi kubwa. Niliandika polepole, kama watoto wote wa mtaa tulivyotamka. Bibi akakata herufi kutoka shuka jeupe la zamani, akazishona mshono juu ya mshono.

"Hizi hata wavutane, hazitoki," alisema.

Mechi ilikuwa dhidi ya timu kutoka Magugu. Sare tu ilitutosha kupanda ligi ya mkoa. Wachezaji wetu walipogeuka kukaguliwa, mashabiki wa Magugu wakasoma migongo yao, wakaangua kicheko.

"Oyaa, hata jina lao hawalijui!"

"Waacheni, jua likipanda watakuwa maji!"

"Rudini kwenye majaruba yenu ya mpunga mkafukuze ndege!" wetu wakajibu.

Kamisaa wa mchezo hakucheka. Alifunua karatasi zake. "Timu iliyoandikishwa ni Barafu. Hawa Balafu siwajui. Nawapa nusu saa mrekebishe, la sivyo wenzenu wanachukua pointi."

Bibi alikuwa kando ya uwanja, amekalia ndoo aliyoipindua chini juu. Mwalimu akamwendea. "Shikamoo, bibi. Imekuwaje hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Mkono wangu umekosea. Ndiyo uzee huu."

Hakunitazama hata kidogo. Akatoa kiwembe kwenye pindo la kanga, akaanza kufumua jezi ya kipa. Mshono wake mwenyewe ukamshinda. Kitambaa kikachanika, na herufi ikabaki palepale.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo hadi mwalimu akainama.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyemwandikia bibi."

Alinitazama. Mwaka mzima alikuwa akizizungushia L zangu kalamu nyekundu, nadhani alishajua. Nikangoja fimbo. Badala yake akamgeukia kamisaa.

"Timu ikitaka kubadili jina, inahitaji nini?"

"Barua ya mwenye timu, yenye muhuri."

Mwenye duka akapapasa mfuko wa kanzu. Muhuri wa duka haukuwahi kumtoka mwilini. Mwalimu akachana ukurasa wa daftari, akaandika barua nzima, akaacha nafasi ya jina, kisha akanipa kalamu.

"Andika kama ulivyoandika."

"Mwalimu, si nimekosea?"

"Darasani umekosea. Hapa, andika."

Niliandika herufi moja moja, mgongo wa kipa ukiwa meza yangu. Muhuri ukapigwa. Kamisaa akasoma, akakuna kichwa, akamwashiria mwamuzi.

Walitufunga mapema. Kipindi cha pili tukarudisha, na dakika za mwisho wakapata penalti. Kipa akatemea mate glavu zake, akaruka kushoto, akautoa mpira nje. Alipoinuka, jezi yake iliyochanika ilikuwa vumbi tupu isipokuwa zile herufi. Filimbi ikalia, sare. Maisaka wakaimba, "Balafu haiyeyuki!" Bibi yangu alikuwa amesimama juu ya ndoo, akipiga vigelegele.

Iliyeyuka, lakini. Tulicheza ligi ya mkoa msimu mmoja, tukashuka. Mwenye duka alihamia kwa wanawe, wachezaji wakatawanyika kutafuta kazi, na uwanja ukakatwa viwanja. Lilipokuwa goli la upande wa mlima Kwaraa sasa pana ukuta na geti jekundu. Friji siku hizi ziko kila duka. Bibi tulishamzika. Cherehani yake ipo, haina mkanda.

"Dada, vipi, unakitaka?" kijana wa pikipiki aliniuliza. "Nilikiokota tu kwenye nguo kuukuu. Ila aliyeandika hapa shule ilimpita mbali. Si barafu hii?"

"Hapana, kaka. Ni Balafu. Ilikuwa timu yetu, ilipanda mpaka ligi ya mkoa. Jina hilo niliandika mimi."

Akanitazama, akakitazama kitambaa. Kisha akakisuuza kwa maji safi, akakianika kwenye usukani wa pikipiki, herufi zikitazama barabarani.