Kitabu cha Nyuki na Neno la Siri

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa bwana nyuki wa wilaya, hapa Mpanda. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nazunguka vijijini kwa baiskeli nikiwafundisha watu kurina asali bila kuchoma mzinga wala msitu, na jioni nikiandika kwenye daftari yale niliyowaambia. Madaftari yalipofika manne, nikaona nina kitabu.

Kompyuta niliyoweza kuifikia ilikuwa moja, kwenye ofisi ya mradi wa maji. Sekretari wa pale, dada mpole wa mtaa wa Nsemulwa, alikubali kunichapia saa ambazo bosi wake hayupo. Alichapa kwa miezi miwili, kisha akanikabidhi disketi nyeusi, ndogo kuliko kiganja changu.

"Kitabu chote kimo humu?" nikamuuliza.

"Chote, na nafasi imebaki."

"Na mtu akiiazima?"

"Akipata kompyuta, dakika mbili tu anacho na yeye. Na wewe bado unacho. Hutajua."

Hilo la kutojua ndilo lililoninyima raha. Mtu akiiba asali, utaukuta mzinga mtupu. Huyu angeiba na kila kitu kikabaki mahali pake. Nikauliza kama kuna dawa. Akasema kitabu kinaweza kufungwa kwa neno la siri, asilijue mtu mwingine yeyote.

"Basi naomba utoke nje kidogo, dada."

Akatoka, akasimama barazani.

Nilichagua jina la nyuki wadogo wasiouma, kwa Kikonongo, lugha ya mama yangu. Nililichapa kwa kidole kimoja, mara mbili, kama kompyuta ilivyotaka, na kwenye kioo zikaonekana nyota tu. Kisha nikamwita dada afute nakala iliyobaki ndani ya kompyuta. Nyumbani nikampa mke wangu yale madaftari awashie moto. Aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia huo ndio usalama. Akachemshia maharage.

Baada ya miezi kama minne nikapata mpiga chapa Tabora. Nilipanda treni na disketi ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo likiwa mapajani njia nzima. Mpiga chapa akaiingiza kwenye kompyuta yake, akanigeuzia kibodi.

Nikaandika neno. Kompyuta ikakataa.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba lile neno nilikuwa nimelisikia tangu utotoni, lakini sikuwahi kuliona limeandikwa. Sikukumbuka kama niliweka irabu moja au mbili, *l* au *r*. Nilijaribu asubuhi nzima. Mpiga chapa alikuwa mvumilivu. Mchana aliniuliza kwa upole kama kitabu ni changu kweli.

Nikarudi Mpanda, nikaenda moja kwa moja kwa sekretari na kumweleza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kaka, nikikwambia jambo utanishtaki?"

"Sema."

"Kabla hujakifunga nilikitoa kwenye printa, nakala moja. Nilimpa baba yangu mdogo. Ana mizinga."

Ningepaswa kukasirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira hiyo tangu siku niliyopewa disketi. Badala yake nikaomba kiti.

Baba mdogo wake alikuwa mstaafu wa reli. Tulimkuta kwake Nsemulwa akitengeneza bomba la moshi la kufukuzia nyuki. Nikamwamkia, akaitikia bila kuacha kazi. Sekretari alipomweleza mimi ni nani, akaliweka bomba chini.

"Umekuja kunikamata?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kuazima kitabu."

Akaingia ndani, akarudi na kurasa zangu zimeshonwa kwa uzi wa gunia. Pembezoni alikuwa ameandika kwa wino mwekundu. Kwenye ukurasa wa kuhamisha nyuki alikuwa ameandika: *Huyu hajawahi kuhamisha nyuki.* Ilikuwa kweli. Sehemu hiyo niliiandika kwa kusikia kwa wenzangu.

"Nakupa wiki mbili," akasema. "Na usimwazime mtu. Watu hawarudishi."

"Na wewe, mzee, hukumwazima mtu?"

"Nimewaazima watatu. Wote wametoa fotokopi. Ndiyo maana nawajua watu."

Wiki mbili hazikutosha. Sekretari alichapa upya, mimi nikiwa pembeni namsomea, na kila penye wino mwekundu tulikwenda kwa mzee kumuuliza. Sura ya kuhamisha nyuki aliisema yeye mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, nasi tukaandika. Mpiga chapa alipopokea disketi safari hii, ilifunguka bila kuuliza kitu, na kitabu kikatoka kikiwa na majina mawili, langu na la mzee.

Mwaka uliofuata nilifika kijiji kimoja upande wa Inyonga. Mfugaji nyuki mmoja alinitolea rundo la fotokopi zilizofifia, halina jalada wala jina la mtu. Akaniambia nikae nizisome, kwa sababu bwana nyuki wa wilaya anapaswa kuyajua mambo hayo. Nikakaa nikasoma. Zilikuwa zile za kwanza, zenye makosa. Nilipofika kwenye kuhamisha nyuki nikamwambia hapo asifuate, nikaanza kumweleza alivyotufundisha mzee.