Nusu ya Mstari wa Kijani

Kaka yangu alipopigwa na kiharusi, Kiswahili ndicho kilichotangulia kumtoka. Kiha kilibaki, ingawa nacho kilikuwa kimetoboka. Yeye alikaa Kibondo, mimi Kasulu. Nikimpigia simu alinijibu "ego" au "oya", ndiyo au hapana, kisha shemeji, mke wake, aliichukua simu na kuniambia kaka amechoka.

Sisi wawili ni mafundi redio. Yeye ndiye aliyenifundisha, na alinifundisha kwa Kiswahili, maana nyumbani kwetu hapakuwa na neno la Kiha la valvu wala la kapasita. Kiha kilikuwa cha mihogo, cha misiba, cha kumwamkia mama. Kwa hiyo kiharusi kilipomnyang'anya mkono wa kulia, kilimnyang'anya na lugha ya kazi.

Asubuhi moja shemeji ndiye aliyepiga.

"Shemeji, njoo," alisema. "Ameng'ang'ania ile mashine. Anaifungua kwa mkono mmoja, skrubu zinamdondoka, anaanza kulia."

Nilijua mashine gani. Ilikuwa oskiloskopu ya zamani, nzito kama gunia la mahindi, iliyoachwa na fundi mmoja wa misheni alipozeeka na kurudi kwao. Ndani ilijaa valvu, zile taa za kioo zilizokuwa zikifanya kazi kabla ya transista. Mbele ilikuwa na kioo cha duara, na juu ya kioo hicho umeme ulijichora kama mstari wa kijani. Redio ikikoroma, kaka aliunganisha nyaya zake mbili na kuusoma mstari ule jinsi daktari anavyosoma picha ya kifua. Ilikuwa imekufa miaka kadhaa. Kila mara alisema ataifufua akipata nafasi.

Nilifunga kibanda changu nikapanda basi la kwenda Kibondo. Nilimkuta kaka sebuleni, mashine iko mezani, kifuniko kimetolewa. Alinitazama muda mrefu kabla ya kusema jina langu la utotoni. Halafu akaionyesha mashine kwa mkono wa kushoto.

"Tuifanye," alisema kwa Kiha.

"Tutaifanya, kaka."

Panya walikuwa wamekula nyaya za chini na kuacha kinyesi kati ya valvu. Kapasita kubwa, vile vikopo vinavyohifadhi umeme, zilikuwa zimevimba, na zile ndogo za karatasi zimetoa nta iliyoganda kama jasho. Mashine za aina hii haziwashwi kwa pupa. Nilifunga balbu kubwa kwenye njia ya umeme, ili kukiwa na hitilafu balbu iwake na mashine isiungue. Nilipowasha, balbu iliwaka kama ya barazani. Kaka alitikisa kichwa. Nikazima, nikagusisha bisibisi kwenye kapasita kutoa umeme uliobaki humo, maana ule huua hata waya ukiwa umechomolewa.

Tulifanya kazi hivyo siku nyingi. Mimi nililehemu, yeye akaelekeza kwa kidole. Neno la Kiswahili lilipogoma, alisema kwa Kiha "hiki" na "kile", na mara nyingine alikosa hata hayo akaipiga meza. Nilijifunza kumsubiri. Sikuwa nimewahi kumsubiri kaka yangu kwa jambo lolote. Maisha yote yeye ndiye aliyekuwa akinisubiri mimi.

Valvu moja, ile inayougeuza umeme wa ukutani kuwa wa njia moja, ilikuwa imekufa kabisa. Nilimpigia mama mmoja Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambaye huchuuza vipuri vya redio chakavu. Alizijua zile taa kwa jina la Kifaransa.

"Papa, iko lampe moya tu," alisema. "Njo ya mwisho. Ingine sitapata tena."

Aliituma kwa dereva wa lori, imezungushiwa kitenge kilichochanika.

Siku tuliyoipachika valvu hiyo, balbu iliwaka kidogo ikafifia, kama inavyotakiwa. Harufu ya vumbi la moto ikajaa sebuleni. Nyuzi za ndani ya valvu zikawa nyekundu, moja baada ya nyingine. Kisha mstari wa kijani ukatokea, umenyooka, umetulia, kutoka ukingo hadi ukingo. Nilimgeukia kaka nikitabasamu.

Yeye hakutabasamu.

"Oya," alisema, bado kwa Kiha. "Umekatika."

"Haujakatika, kaka. Tazama."

"Umekatika. Nusu."

Alitia kidole katikati ya kioo na kuonyesha kwamba mstari unaishia pale, upande wa kulia hamna kitu. Nilidhani anakosea kusema. Nikakagua valvu za upande huo, nikarudia kulehemu. Kila nilipowasha niliuona mstari mzima, naye akauona nusu. Siku ya pili alikasirika. Kwa Kiha chake kilichobaki aliniambia nimekuwa fundi wa kudanganya wateja, na sasa namdanganya yeye.

Shemeji alikuwa mlangoni, ameshika sahani ya mchana. Alisema polepole, "Hata chakula anakula nusu."

Aliniwekea sahani mbele. Ugali na maharage ya upande wa kushoto yalikuwa yameliwa hadi sahani ikang'aa. Upande wa kulia haukuguswa.

"Kila siku hivi," alisema. "Nikikaa hapa kulia kwake, hanijibu. Nilidhani amenichoka. Nikasema labda ugonjwa umemtoa aibu, sasa anaonyesha yaliyokuwa moyoni."

Nilirudi kwenye mashine na kumwomba kaka akaze macho katikati ya kioo, asiyatoe. Nikazungusha kitufe kinachousogeza mstari wote kwenda kushoto. Mkato ungekuwa wa mashine, ungesogea pamoja na mstari. Kwake haukusogea. Ulibaki palepale anapotazama.

Alielewa kabla sijasema. Aliuondoa mkono wangu na kukishika kitufe mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Akausogeza mstari kushoto, akaurudisha kulia. Akafumba jicho moja, akafumba jingine. Akageuza kichwa, na pale alipogeuza nusu iliyopotea ikajitokeza. Alirudia yote tangu mwanzo, taratibu, jinsi alivyonifundisha kupima kitu mara mbili kabla ya kukitupa.

"Mashine nzima," alisema, kwa Kiswahili. Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya Kiswahili tangu nifike.

"Ndiyo, kaka. Nzima."

Akaizima. Doa la kijani likabaki kidogo katikati ya kioo, likatoweka. Nilimshika bega, akaliacha lishikwe. Shemeji akazunguka meza akaenda kukaa kushoto kwake. Kaka alimtazama kama mtu aliyerudi kutoka safari. Shemeji akafunika uso kwa kanga.

Tulimpeleka hospitali, na daktari wa huko, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, alimpima kwa kidole chake na kalamu. Alitueleza bila kuzungusha kwamba macho ni mazima, kilichoharibika ni upande wa kushoto wa ubongo, ule unaoona mambo ya kulia, na muda uliopita ni mrefu, tusitarajie mengi. Akasisitiza dawa za presha. Dawa tulizipata baadhi ya miezi, miezi mingine dirisha la dawa lilitwambia tujaribu Kasulu, na Kasulu nao wakatwambia tusubiri.

Kaka hakuomba tena mashine iwashwe. Niliporudi kumwona nilijaribu kumshawishi, nikamwambia tutengeneze na kile kipimo chake cha valvu kilichokuwa kabatini. Alisema "oya" kwa upole na kuniuliza habari za mvua.

Kiharusi cha pili kilimpata wakati wa masika, akiwa anaoga. Barabara ya kwenda kwake ilikuwa tope, nikafika watu wakichimba kaburi. Nilichukua jembe nikaingia shimoni pamoja nao.

Baada ya msiba shemeji alirudi kwa ndugu zake Muyama. Mashine niliileta Kasulu kwa bajaji mbili na basi moja, na kioo hakikupasuka. Ipo kibandani, nyuma ya spika za vijana na chaja za simu ninazotengeneza siku hizi. Naiwasha mara mojamoja ili kapasita zisife. Yule mama wa kambini hapokei simu tena. Wenzake wanasema amerejeshwa kwao, wengine wanasema amehamia mbali. Valvu ile ya mwisho imeanza kutoa mwanga wa zambarau, na fundi yeyote wa zamani anajua maana yake: hewa imeingia ndani, haina siku nyingi.