Picha za Upande wa Pili wa Ukuta

Televisheni ya kwanza ya rangi mtaani kwetu Bombambili ilikuwa yangu. Hilo halina ubishi. Shule niliishia darasa la nne, lakini siku niliposhusha lile boksi kutoka kwenye gari langu la mahindi, walimu wawili na karani wa serikali waligombea kunisaidia kulibeba, na mmoja wao alivua viatu kabla ya kuingia sebuleni. Serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kununua mazao, na mimi sikusubiri kuruhusiwa mara mbili.

Nimetazama picha nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, kwa hiyo naweza kusema. Picha za kupigana ni uongo mtupu. Watu ishirini wanamzunguka stelingi, halafu wanamwendea mmoja mmoja, kama wako kwenye foleni ya kuungama. Mimi nilipigwa na watu watatu pale Nakapanya kwa ajili ya magunia ya korosho, na hakuna aliyesubiri zamu yake. Michezo ya kuigiza ya Dar es Salaam ni mizuri, waigizaji wanajua kugombana, lakini ina kasoro moja kubwa: hawajui kuugua. Mgonjwa analala kitandani nywele zimesukwa, mashavu yamejaa, anakohoa mara mbili, anatoa usia, anakata roho. Haiwi hivyo. Dada yangu aliugua chumba cha pili, ukuta mmoja na televisheni hiyohiyo, kwa muda wa mwaka mzima kasoro kidogo.

Dada ndiye aliyenilea. Mama yetu alipofariki, yeye aliacha shule, akawa ananibeba mgongoni akienda kulima. Baadaye aliolewa Nakapanya, na mumewe akafa kwa ugonjwa ambao miaka ile watu hawakuutaja, walisema tu "ameondoka kwa yale mambo." Dada naye akaanza kukonda. Hospitali ya misheni ya Mbesa walimtunza mpaka walipofika mwisho wa uwezo wao, wakaniita nikamchukue nyumbani. Nilikwenda na gari langu mwenyewe, nikatandika magodoro mawili nyuma. Mtaa mzima ukasema, yule bwana anamjali dada yake. Nilipenda waseme hivyo.

Nikampa chumba cha pili, kitanda kizuri, kikombe chake peke yake, sahani yake peke yake. Ndivyo tulivyoogopa. Wageni wakija mlango wake ulifungwa, maana siku zile watu waliamini hata kiti kinaambukiza, na nilijua wakimwona hawatakanyaga tena kwangu. Na mimi nilipenda wageni. Nilipenda sebule ijae mpaka watoto wakae sakafuni, nilipenda mwalimu mstaafu wa jirani aingie akisema, "Tajiri, leo unatuwekea picha gani?" Mwalimu mzima, ananiuliza mimi.

Nyumba ilikuwa bado haina dari. Siku hizi ina dari la jipsamu, lakini wakati ule kuta ziliishia chini ya bati, na sauti ya televisheni ilipita juu ikamshukia dada kitandani. Sikulifikiria jambo hilo mpaka asubuhi moja nilipokwenda kumjulia hali, naye akaniambia, "Yule mwanamke wa jana hamlilii mumewe. Anaililia nyumba."

"Mwanamke gani?"

"Wa kwenye mchezo wenu. Sikiliza anavyovuta kamasi. Hana machozi yule."

Nikacheka. Juma lililofuata, yule mwanamke akaonekana anawafukuza wakwe zake na hati ya nyumba ameificha kwenye kanga. Mwalimu akapiga paja kwa mshangao. Mimi nikasema, "Nilijua tangu juma lililopita, yule hana machozi." Wote wakanisifu kwa jicho langu.

Kuanzia hapo nilipita kwa dada kila asubuhi kuchukua maoni yake, na jioni niliyatoa sebuleni kama yangu. Kuhusu karate alisema, "Wanapigana tangu saa kumi, kwao hakuna wa kuchota maji?" Sebule nzima ilivunjika mbavu. Kuhusu picha moja ya vita alisema yule kamanda ana sauti ya mtu anayeogopa mkewe. Picha ilipoisha tukaona ni kweli.

Ila picha aliyoipenda ilikuwa kanda moja ya Kihindi, ya kaka na dada waliopoteana stesheni wakiwa wadogo. Kanda zetu zilikuwa chache, hiyo tuliirudia mpaka ikachoka. Dada alizijua nyimbo zake zote bila kujua neno hata moja. Siku moja akanisimamisha mlangoni.

"Mdogo wangu, yule binti anapoimba pale kwenye treni, amevaa nguo gani?"

"Gauni la njano," nikasema. Nilikuwa nawahi mizani ya mahindi.

"Nilijua tu ni njano. Siku moja nami nitoke nimwone."

"Utamwona. Ngoja upate nguvu kidogo. Pasaka nitakutoa mwenyewe."

Nilisema Pasaka kwa sababu ilikuwa mbali.

Mahindi mabichi yalipoanza kuuzwa barabarani, mama watoto alinifuata sebuleni katikati ya picha, akaniinamia sikioni. "Dada yako ana jambo. Naona macho yake..."

"Picha inaisha sasa hivi," nikamwambia.

Picha ilipoisha umeme ulikatika, wageni wakaanza kutafuta viatu gizani, na jambo hilo likanipita.

Jumapili ya Pasaka, tulipotoka misa, dada alikuwa ameshaogeshwa na amejifunga kitambaa kipya. "Pasaka ndiyo hii," akasema. Mwalimu na mkewe na wengine kama sita walikwisha kaa sebuleni wanakunywa soda zangu. Nikachuchumaa, nikambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kuliko debe la mahindi.

Tulipotokeza, mazungumzo yalikatika. Nikamkalisha kwenye kochi langu, lile la mbele ambalo hakuna mwingine aliyelikalia. "Shikamoo mwalimu," akasema dada, akageuza uso mahali sauti ya mwalimu ilipokuwa ikitoka. Mwalimu aliitikia marahaba akiwa amesimama tayari.

"Tajiri, nimekumbuka kuku wangu sijawafungia."

"Saa nane mchana, mwalimu?"

"Kuna kicheche siku hizi."

Mkewe naye akakumbuka kicheche. Wengine hawakukumbuka hata kitu, walitoka tu. Soda zilibaki nusu mezani. Nikaingiza kanda kwenye deki, nikakaa sakafuni karibu na miguu ya dada.

Tukaitazama. Ilipofika treni, yule binti akachungulia dirishani akaanza kuimba, na dada akatabasamu, uso ameuelekeza kwenye kioo.

"Njano kweli," akasema. "Kama ulivyoniambia. Imemkaa vizuri."

Nikaangalia. Gauni lilikuwa la kijani. Kijani kibichi, kama jani la mgomba. Kanda hiyo nimeitazama mara ishirini au zaidi, mimi mwenye jicho, na sikuwahi kujua gauni ni la rangi gani. Nikainua mkono, nikaupitisha polepole mbele ya macho yake.

"Usinipungie, mdogo wangu. Upepo nausikia."

"Tangu lini?"

"Tangu mahindi mabichi."

"Mbona hukuniita?"

"Ulikuwa na wageni."

Binti aliendelea kuimba. Gauni nikaliacha liwe la njano. Dada akaniuliza kama kaka naye yumo ndani ya treni hiyohiyo na hajui, nikasema ndiyo, behewa la nyuma, na kuanzia hapo nikamsimulia kila kinachoonekana, nikikazia macho kama mtu anayehesabu shilingi za mwenzake: viatu, pete, mbuzi aliyefungwa stesheni. Mara mbili alinikatiza, "Hapo unaongopa," na mara zote mbili nilikuwa naongopa.

Alifariki kabla mahindi hayajakauka. Hakutoa usia. Alikoroma siku mbili mdomo wazi, na hakuna mwigizaji atakayekubali kuonekana vile.

Kwa ajili ya msiba sebule ilibidi iachwe wazi, waombolezaji wakae kwenye mikeka. Vijana wakatoa makochi nje, wakabeba televisheni na deki wakaniuliza waviweke wapi. Chumba kilichokuwa kitupu kilikuwa kimoja. Televisheni wakaiweka palepale kilipokuwa kitanda chake, kioo kimeelekea ukutani. Mwalimu alikuja, akakaa karibu na mlango, akanishika mkono kwa vidole viwili.