Namba Moja ya Mkurugenzi

Mama Waya hakuwa na mtoto anayeitwa Waya, tuelewane hapo mapema. Jina alipewa na ofisi, maana kila ukimtafuta ulimkuta kapiga magoti chini ya meza ya mtu, kichwa hakionekani, waya mkononi. Alikuwa fundi wa mtandao katika ofisi ya kusajili vizazi na vifo: korido moja ndefu, mabenchi kila upande, na watu waliokaa tangu alfajiri wakisubiri kuthibitishiwa kwa karatasi kwamba walizaliwa.

Kazi aliijua, asikudanganye mtu. Aliingia pale kama mpiga chapa. Kompyuta zilipokuja, wenzake walizikimbia. Yeye alizifungua kwa bisibisi ya cherehani ya mama yake kuona ndani kuna nini. Tangu siku hiyo hakuna kebo iliyopita ukutani bila mkono wake.

Lakini alikuwa kibarua. Miaka kumi na moja, kibarua! Mkataba wa miezi mitatu, ukiisha unaongezwa, ukiisha unaongezwa, mara arobaini na nne sasa. Na kila unapoisha ilibidi arudishe funguo, apakie vitu vyake kwenye katoni, akae nyumbani siku moja nzima ili faili lionyeshe kwamba amekatika, halafu kesho yake aitwe upya. Mtandao ukifa siku hiyo, walimpigia simu, naye akamwelekeza mtunza bustani waya upi achomoe. Mtunza bustani alikuwa mwajiriwa wa kudumu, kwa hiyo aliruhusiwa kugusa.

Mama Waya alitaka kitu kimoja tu duniani, barua ya ajira ya kudumu yenye muhuri. Hakutaka cheo wala kiti cha kuzunguka. Alitaka mama mkwe wake aache kumuuliza mbele ya wageni kila baada ya miezi mitatu, "Haya, wamekurudisha?"

Sasa njoo kwenye stoo ya zamani ya mafagio. Humo ndimo ilimokaa seva yake, mashine nyeusi yenye feni inayokoroma. Mafundi huiita seva ya DHCP, lakini kazi yake haina uchawi. Kompyuta ikiwashwa inauliza, "Jamani, mimi nani hapa?" Seva inaijibu, "Wewe leo ni namba fulani." Hiyo ndiyo anwani yake, na bila anwani kompyuta haipati wala haitumi chochote. Anwani zenyewe ni za kuazima. Seva inaitoa kwa siku nane, siku zikiisha mwenyewe asionekane, inampa mwingine.

Ili asihangaike siku ya hitilafu, Mama Waya alichapa orodha ya namba zote akaibandika kwenye mlango wa stoo. Maskini, hakujua anajipalia makaa. Stoo ilikuwa jirani na choo cha wakubwa, na Jumatatu moja mkurugenzi akapita hapo akiwa hana haraka.

"Mama Waya! Orodha hii ya vyeo kaipanga nani?"

"Si vyeo, Mzee. Ni anwani za mashine. Inayowahi kuwaka ndiyo inayowahi kupewa."

"Naona simu ya mtunza bustani ni namba kumi na mbili."

"Anafika mapema mno, Mzee."

"Na mimi ni mia moja arobaini na saba."

"Kwa sasa tu. Wiki ijayo inaweza kuwa nyingine, maana zinaazimwa kwa siku nane..."

"Zinaazimwa?" Macho yalimtoka pima. "Mimi hapa nakaa kwa kuazimwa? Siku nane?"

Kikao kikaitishwa. Saa mbili nzima watu wazima walijifungia kujadili namba, na huko kwenye mabenchi wananchi wanasubiri. Iliamuliwa zigawanywe kwa vyeo. Mkuu wa vizazi na mkuu wa vifo waligombea namba mbili nusura wavuane mashati, mmoja akidai yeye ndiye anayefungua faili la kila mtu, mwenzake akidai yeye ndiye anayelifunga. Namba moja haikujadiliwa. Mwenyewe alikuwa amekaa kichwani pa meza.

Mama Waya, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa kuwa vibarua hawapewi viti vya kikao, akakohoa.

"Samahani, Mzee. Namba moja ina mwenyewe. Ni lango."

"Lango ndiye nani? Ana cheo gani?"

"Ni ruta, Mzee. Kile kiboksi cha ukutani. Kila kompyuta ikitaka kutoka nje, kwenda makao makuu, inapitia kwake."

"Kwa hiyo kiboksi ni namba moja."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Sekretari, mama mmoja makini sana, akaandika kwenye kumbukumbu kwamba Lango apewe barua. Na alipewa, wallahi! Ilibandikwa kwenye ruta kwa gundi ya karatasi siku hiyohiyo, ikimtaka aachie namba moja ndani ya saa ishirini na nne, la sivyo hatua zitachukuliwa. Ruta ikaendelea kupepesa vitaa vyake vya kijani.

Kesho yake mchana, mtandao ukafa.

Ulikufa vibaya. Korido ilikuwa na watu wasiopungua mia mbili, na vyeti vyote huchapwa kutoka makao makuu, kwa hiyo kila dirisha liligoma kwa pamoja. Kelele zikaanza. Mama mmoja mwenye kichanga mgongoni alipaza sauti, "Jamani, huyu ataanza shule kabla hajazaliwa!"

Mama Waya aliingia stoo roho juu. Mkataba wa arobaini na nne ulikuwa umebakiza siku tisa, na alijua kabisa kwamba mtandao ukilala leo, wa arobaini na tano ausahau. Alitazama seva. Nzima. Inagawa anwani kama kawaida, na akiba ya namba ipo tele. Aliizima akaiwasha, patupu. Akakagua swichi, ile mashine ambayo kebo zote za jengo hukutania. Taa zote zilikuwa zinawaka. Akaliita lango kutoka kwenye kompyuta yake: mara linajibu, mara kimya, mara linajibu tena.

"Hebu tulia, mwanamke," alijiambia.

Kila mashine huzaliwa kiwandani na alama yake ambayo haifanani na ya mwenzake. Mama Waya akauliza mtandao: mwenye namba moja ana alama gani? Akajibiwa alama ya ruta. Akauliza tena. Akajibiwa alama nyingine, asiyoijua. Kumbe! Namba moja ilikuwa na watu wawili, na kompyuta za ofisi nzima zilikuwa zinapeleka mizigo kwa yeyote aliyewahi kuitika.

Akaanza kuchomoa kebo kwenye swichi, moja moja, na kuzirudisha. Vizazi, hakuna kitu. Vifo, hakuna kitu. Masijala, hakuna kitu. Akachomoa ile yenye utepe mwekundu, na korido ikapiga vigelegele. Vyeti vilikuwa vinatoka.

Utepe mwekundu ulikuwa wa ofisi ya mkurugenzi.

"Saa ishirini na nne zilikwisha," alisema mkurugenzi Mama Waya alipomfuata ofisini kwake, wala hakuona haya. "Nimemwagiza sekretari aandike namba moja kwenye mashine yangu kwa mkono. Na mbona sasa mtandao wangu umekatika? Rudisha."

"Nikirudisha, Mzee, watu mia mbili wanakwama."

"Rudisha. Halafu mwondoe huyo Lango."

Angebishana, angemwaga unga. Mama Waya akapiga moyo konde. "Nipe robo saa, Mzee. Nitamhamishia Lango namba ya mwisho kabisa, mia mbili hamsini na nne, kisha niiambie seva izitangazie kompyuta zote kwamba amehamia huko. Namba moja nitaifunga kwa mashine yako peke yake. Haitaazimwa tena."

"Itakuwa ya kudumu?"

"Ya kudumu."

Uso wa mkurugenzi ulilainika mpaka ukamshangaza Mama Waya. Lakini ofisi ni ofisi. Kitu cha kudumu hakitolewi kienyeji, kina fomu, na chini ya fomu kuna mstari wa fundi aliyeifanya kazi, ambaye sharti awe mwajiriwa wa kudumu. Waraka huo aliutunga mkurugenzi mwenyewe. Ndiyo maana kila printa na kila soketi aliyoifunga Mama Waya kwa miaka yote hiyo ilisainiwa na mtunza bustani.

Akaitwa, akaja na matope kwenye viatu. Akaisoma fomu polepole, mdomo ukicheza, kisha akaweka kalamu chini.

"Mzee, nimesaini feni, nimesaini printa, nimesaini mpaka kengele ya moto. Hii ya namba yako, ng'o. Ikikorofisha utaniita mimi, na mimi ninachokijua ni mpira wa maji."

"Basi saini wewe, Mama Waya."

"Mimi kibarua, Mzee. Waraka wako."

Ghafla maneno yakamtoka Mama Waya kabla hajayapanga.

"Miaka kumi na moja! Mashine yako imeomba cha kudumu jana, leo inapewa. Mimi nimeomba mara arobaini na nne, kila mara nabeba katoni kama mwizi aliyefumaniwa. Nimechoka, Mzee. Nimechoka kweli." Sauti ilimkatika, akachukia kwamba imemkatikia mbele yao.

Mkurugenzi akatazama kompyuta yake isiyo na mtandao. Akafungua droo.

"Nafasi ya fundi wa mtandao lazima itoke makao makuu, na haitoki," alisema. "Ninayoruhusiwa kujaza mwenyewe ni moja tu."

Sekretari alichapa, mkurugenzi akagonga muhuri, akaugonga tena kwa uhakika. Mama Waya akaisoma barua aliyoingoja miaka kumi na moja. Ajira ya kudumu, kuanzia leo. Mtunza Bustani Msaidizi.

Alifikiri kuitupa. Alifikiri pia kucheka. Mwisho akavuta fomu, akaandika jina lake, akaandika cheo chake kipya herufi kwa herufi, akasaini. Robo saa baadaye Lango lilikuwa mia mbili hamsini na nne, kompyuta zote zimezimwa na kuwashwa, namba moja imefungwa kwa mashine ya mkurugenzi, na yule mama wa kichanga anatoka nje na cheti, mwanawe amezaliwa rasmi.

Mama Waya alimkuta bosi wake mpya uani, anamwagilia maua. Akampa barua aione.

"Karibu kwenye kudumu, dada," alisema mtunza bustani. "Wala usisononeke. Mimi yangu inasema dereva."

"Wewe? Unajua kuendesha?"

"Hata baiskeli siiwezi! Sekretari ni mlinzi wa mchana. Mkuu wa vifo ni mkunga."

Mama Waya alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yakimtoka, asijue yapi ni ya kicheko na yapi ni ya ile barua.

"Na Mzee je?"

Mtunza bustani alifunga bomba kwanza, akatazama madirishani. "Yule kwa barua ni karani wa stoo. Ukurugenzi anakaimu, na huu ni mwaka wa tisa. Kila miezi sita wanamwongezea sita mingine, na kila ikikaribia kwisha simwoni akila."

Mama Waya akaacha kucheka. Akakunja barua yake, akarudi stoo. Kwenye seva akaufungua tena mstari wa namba moja ya mkurugenzi na kuusoma mara mbili, kuhakikisha kwamba pale penye muda hakuna tarehe ya kuisha.