Unga wa Mawe wa Kulwa

Mjukuu wangu Kulwa anasomea shahada ya juu kabisa, ya kuondoa hewa ya moshi angani. Kijiji chetu chote cha Segese nimekichosha kwa kujisifu. Alimwaga unga wa mawe shambani kwangu akasema, "Bibi, usiuguse. Unanyonya ile hewa polepole. Shahada yangu iko humo."

Huku kwetu nani anasaga mawe bila kutafuta dhahabu? Nikajua ananificha. Alipoondoka nikaukwangua wote, vijana wakauosha mwaloni, wanakooshea dhahabu. Hatukupata hata chembe.

Juzi akaja na mwalimu wake kupima. "Bibi, unga uko wapi?"

"Upepo, mjukuu wangu."

Mama Masanja, jirani yangu, akapita njiani. "Shikamoo, Bibi Kulwa. Ile dhahabu mliyoosha ilipatikana?"

Kulwa alikaa chini palepale shambani, akajifunika uso kwa kitenge.